Harufu sehemu za siri: Sabuni si dawa

NI jambo ambalo wanawake wengi huona haya kulitaja, hata mbele ya daktari. Mama akigundua kwamba sehemu zake za siri zinatoa harufu asiyoizoea, hukimbilia sabuni, maji ya ndimu au marashi na kujiosha hadi ndani. Baada ya siku chache harufu hurudi. Naye mume huanza kununa, akidhani mkewe ni mchafu au anatembea nje ya ndoa.

Dhana hizo zimevunja nyumba bure.

Kila uke una harufu yake, nayo hubadilika wakati wa hedhi, ujauzito au baada ya kujamiiana. Huo si ugonjwa. Ndani ya uke mnaishi bakteria wazuri wanaotengeneza asidi ya aina ile inayopatikana katika maziwa lala. Hao ndio askari wanaozuia viini vibaya. Mwanamke anapojiosha ndani huwafukuza askari wake mwenyewe.

Viini vibaya vikizidi, hutokea harufu kama ya samaki, hasa baada ya kujamiiana, pamoja na majimaji mepesi ya kijivu. Hali hii hutibiwa kwa dawa kama metronidazole, mara nyingi kwa siku 7. Ikipuuzwa, humwongezea mwanamke hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi, na mjamzito anaweza kujifungua kabla ya wakati.

Na mume je? Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka wa 2025 ulionyesha kuwa mke alipotibiwa peke yake, hali hiyo ilirudi kwa wanawake 63 kati ya kila 100 katika muda wa majuma 12. Mume alipotibiwa pia, kwa tembe na krimu ya kupaka, ilirudi kwa 35.

Kwa hivyo dada, osha sehemu ya nje pekee kwa maji safi. Ukiona harufu kali isiyoisha, majimaji ya kijani, mwasho au maumivu chini ya kitovu, nenda hospitali upimwe. Usinunue dawa kwa kubahatisha, kwani kila ugonjwa una tiba yake.

Nawe baba, acha kununa. Fuatana na mkeo kwa daktari, kwani huenda tiba ikawahusu nyote wawili.