Dirisha Linalotazama Ukuta

Mtu wa Pwani akilisikia jina la Lucky Summer hudhani ni hoteli ya watalii iliyo kando ya bahari. La hasha! Ni mtaa wa Nairobi, upande wa Ruaraka, jirani na Baba Dogo na Korogocho, karibu na lile jaa kubwa la taka la Dandora. Mwezi uliopita nilifika huko kwa mwaliko wa mpwa wangu. Amenunua kiwanja kwa akiba ya miaka kumi na miwili ya kazi, naye alitaka nikione kabla ya msingi kuchimbwa.

Mimi si msanifu wa majengo. Lakini nimezaliwa Lamu, na mtu aliyezaliwa Lamu hana budi kuzitazama nyumba za watu.

Usiku nililala katika nyumba aliyopanga, ghorofa ya tatu. Baada ya sala ya alfajiri nikafungua dirisha nipate hewa. Nikanyoosha mkono, nikagusa ukuta wa jirani! Saa sita za mchana taa ilikuwa ingali yawaka.

"Mjomba, mwaka wa kwanza dirisha hili lilikuwa na jua," akaniambia. "Mwaka wa pili jirani akapandisha ghorofa."

Tulipotoka kutembea niliona kwamba hilo si ajabu pale. Nyumba nyingi zimepakwa rangi nzuri upande wa barabara, na ubavuni ni mawe matupu. Ghorofa za juu zimetokeza nje kuliko ya chini, hata roshani mbili zinazoelekeana zakaribia kushikana mikono. Mwanamke akianika nguo, wa pili amwona mpaka jikoni.

Msomaji atasema Lamu nako nyumba zimebanana. Ni kweli, na vichochoro vyetu ni vyembamba zaidi. Lakini ukiingia nyumba ya kale wapita daka, kisha tekani, ndipo ukafika kiwandani, penye uwazi wa mbingu. Misana na ndani hupata mwanga na hewa kutoka hapo, na mpita njia haoni kitu. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Hata wikio, chumba kile kinachovuka juu ya njia, kilijengwa majirani wakiwa wameafikiana. Mafundi wale hawakuwa na shahada, lakini walijua kwamba sitara na hewa ya jirani ni haki yake, na kumdhuru jirani ni dhambi.

Leo shahada zipo. Usanifu wa majengo ulianza kufundishwa Nairobi katika miaka ya 1950, katika chuo ambacho baadaye kimekuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Chama cha wasanifu kiliundwa mwaka 1967. Jumba la mikutano la KICC, lililofunguliwa mwaka 1973, lilisanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso, Mkenya. Sheria nayo yakataza mtu kujiita msanifu bila ya kuandikishwa. Basi elimu haikukosekana. Ila mara nyingi huishia kwenye mabenki, mahoteli na majumba ya matajiri, na mwenye kiwanja kidogo humwona msanifu kama mtu wa kugonga muhuri, si wa kuulizwa upepo watoka wapi.

Na gharama ya mzaha huo twaijua. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, si mbali na hapo, likaua watu zaidi ya 40. Lilikuwa limejengwa kando ya mto bila ya kibali. Tangu siku hiyo watu wamejifunza kuuliza habari za nguzo na chuma. Wanaouliza habari za dirisha bado ni wachache.

Jioni mpwa wangu akanitandikia ramani yake mezani. Fundi alikuwa ameinakili kutoka nyumba nyingine: vyumba vinane kila ghorofa, ukumbi wa giza katikati, madirisha ya ubavuni yakitazama kiwanja cha jirani ambacho kingali kitupu.

"Na jirani akijenga?" nikamwuliza.

Akanyamaza.

Nikachukua penseli, nikafuta vyumba viwili vya katikati, nikachora kiwanda.

"Mjomba, hizo ni kodi za vyumba viwili kila mwezi, kila ghorofa! Benki haitanihurumia."

Sikuwa na jibu la hesabu yake, maana deni ni lake si langu. Nilimwambia tu kwamba mpangaji aliye na jua hahami upesi, na kwamba ampelekee msanifu aliyeandikishwa ramani ile kabla hajampelekea fundi saruji, amlipe kwa kumfikiria nyumba, si kwa sahihi yake tu.

Juzi amenipigia simu. Msanifu amemwambia kiwanda chaweza kuwa kidogo kuliko nilivyochora mimi, na atapoteza chumba kimoja badala ya viwili. Hajaamua bado. Msingi waanza kuchimbwa mwisho wa mwezi, nami namwomba Mola amwongoze, kwani ukuta ukishasimama, aliye ndani hana la kufanya ila kuwasha taa.