Swali la mkwe wangu juu ya chandarua

Msomaji uliyezaliwa mwambao huu, sina haja ya kukueleza degedege ni nini. Sote tumelikuta nyumbani, kama si kwa ndugu basi kwa jirani. Mtoto huanza kwa homa, kisha macho humgeuka yakabaki meupe matupu, meno yakaumana, na mikono ikarukaruka mfano wa mbawa. Wazee wetu waliona mbawa wakasema ni ndege. Dege, kama ujuavyo, ni ndege mkubwa. Na waliouita ugonjwa huo nyuni walikuwa na maana iyo hiyo, kwani nyuni naye ni ndege. Ati kuna ndege apitaye usiku juu ya paa, na mtoto mchanga akipitiwa naye, basi. Mimi ni mtu wa mashairi na siwezi kukana kuwa aliyelitunga jina hilo alikuwa na jicho. Lakini wakati watu wameinua nyuso kumtafuta ndege, mbu alikuwa chini kitandani akifanya kazi yake.

Mdogo wangu alishikwa mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka minne. Nyanya alimfukiza kwa mavi ya ndovu. Maalim wetu wa chuo alimwandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akanyweshwa. Siku ya pili jioni ndipo baba alipombeba mpaka hospitali. Akapona, alhamdulillahi, na nyumba ikafanya maulidi. Ila kabla ya homa ile mtoto huyu alikuwa akizisoma sura fupi za juzuu ya Amma kwa moyo, na mimi mkubwa wake nikimwonea wivu. Baada yake sura zilimtoka moja baada ya moja, na mwaka haukwisha ila alianza kuanguka kifafa. Nyanya alisema, “Ndege ameondoka, unyoya ameuwacha.”

Miaka mingi baadaye ndipo nilipokuja kusoma kwamba madaktari wa utafiti wa Kilifi waliwafuata majumbani watoto waliopona malaria ya ubongo, wakakuta kuwa wako wasiorudi kama walivyokuwa. Huyu ana kifafa, yule ulimi mzito, mwengine hashiki masomo. Katika daftari la hospitali wote hao wameandikwa kuwa wamepona. Unyoya wa nyanya haukuwa na safu yake katika daftari.

Kituo hicho cha Kilifi kilianza mwaka 1989, pale pale penye hospitali ya wilaya, kwa ushirikiano wa taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, na wenzao wa Wellcome Trust na Chuo Kikuu cha Oxford. Kwa majaribio ya chandarua, kazi ya mwanzo haikuwa ya sindano wala darubini, ilikuwa ya kuhesabu watu. Tangu 1991 hadi 1993 walipita nyumba hata nyumba wakiandika nani kazaliwa na nani kafa, na mtoto aliyelazwa hospitalini alijulikana katoka kijiji gani. Watoto wa chini ya miaka mitano waliohesabiwa walizidi 11,000. Kisha, mwezi Julai 1993, eneo lile likagawanywa sehemu 56. Kwa kura, sehemu 28 zikapewa vyandarua vilivyotiwa dawa, na 28 zikaachwa kama zilivyo.

Dawa yenyewe ni permethrini. Mkulima wa pareto wa huko bara angeitambua ukoo wake, maana wanakemia waliiunda kwa kuiga sumu iliyomo katika ua la pareto. Wakati huo chandarua kilikuwa lazima kichovywe upya kila miezi sita. Mbu akigusa tu, hufa au hukimbia, hata kama chandarua kina tundu.

Jamaa za mke wangu ni wa upande huo, na wao kura iliwatupa. Nilikuwa kijana mwenye kalamu mpya gazetini, nikaenda kuwajulia hali nikidhani nitarudi na habari. Mkwe wangu, mamake mke wangu, alinipokea kwa madafu, kisha akaniuliza:

“Mwanangu, wewe ni mtu wa gazeti. Ng’ambo ya njia wamepewa, sisi hatukupewa. Tumewakosea nini?”

Nikamwambia, “Hamkukosa kitu, mama. Wanataka kulinganisha. Bila ya nyinyi hawatajua kama wale wamefaidika.”

“Kwa hivyo sisi ndio mawe ya mizani.”

Sikuwa na jibu, na sidhani kwamba ninalo leo lenye kuridhisha. Naweza kusema kuwa wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua kwa yakini kama vyandarua vitaokoa watoto wetu. Ni kweli kwamba huko Gambia majaribio ya Pedro Alonso na wenzake, yaliyochapishwa 1991, yalikuwa yameonyesha vifo vya watoto vikipungua kwa zaidi ya nusu. Lakini mbu wa Gambia, mvua zao na vijiji vyao si vyetu. Ndiyo hoja ya wataalamu, na ni hoja nzuri. Aketiye katika jiwe la mizani huiona kwa jicho jingine.

Matokeo yalitoka 1996. Vifo vya watoto wa kuanzia mwezi mmoja mpaka karibu miaka mitano vilipungua 33 kwa mia katika sehemu zenye vyandarua, na kulazwa kwa malaria kali kulipungua 44 kwa mia. Tuseme hivi: pale ambapo wangezikwa watoto watatu, walizikwa wawili. Huyo wa tatu hana jina. Hakuna mama awezaye kumnyooshea kidole akasema huyu wangu ndiye aliyeokoka, na ndiyo sababu kinga haiimbiwi nyimbo kama dawa. Mganga aliyempa mtoto dawa akazinduka hupelekewa kuku. Nani atakipelekea chandarua kuku?

Nilirudi kwa mkwe wangu na habari hiyo nikiwa na furaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatafuna tambuu yake, kisha akatoa swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

“Haya. Mtoto amefungiwa chandaruani hata akatimia miaka mitano, mbu hamjui. Akitoka kucheza nje magharibi, wakamwingia, si ataanguka mara moja? Sisi watoto wetu huumwa wadogo, damu ikazoea. Hamumwokoi huyo, mwamcheleweshea siku tu.”

Nilicheka, na kucheka kwangu kulikuwa ujinga. Mwaka uliofuata, 1997, Robert Snow, Kevin Marsh na wenzao, yaani watu wa Kilifi kile kile waliothibitisha faida ya chandarua, walichapisha makala katika jarida la Lancet wakilinganisha sehemu za Kenya na Gambia zenye mbu wengi na zenye mbu wachache. Wakaona kwamba mahali penye maambukizo mengi kupindukia, watoto wanaolazwa kwa malaria kali walikuwa wachache kuliko mahali pa wastani. Maana mtoto aumwaye na mbu tangu uchanga, akinusurika, mwili wake hujifunza kuikabili malaria. Basi wakauliza: tukizuia mbu nusu nusu, je, hatutakuwa tumeahirisha mauti badala ya kuyazuia? Lilikuwa swali la mkwe wangu neno kwa neno, isipokuwa yeye hakuwa na tarakimu.

Hapa inanibidi nijisemee ubaya wangu. Nilipata fununu za mjadala huo, na nikazichukua nyumbani kama hoja. Mke wangu akitaka tumtundikie mtoto wetu wa kwanza chandarua, nami joto la Mombasa likinichosha na gharama ikinikera, nikamwambia, “Hata madaktari wenyewe wana shaka.” Madaktari hawakusema tusitundike. Walikuwa wameuliza swali, na mimi nikaligeuza kuwa jibu kwa kuwa lilinifaa. Zikaja mvua za El Niño, mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998, maji yakasimama kila mahali, na binti yangu akashikwa na homa usiku akiwa hajatimia miaka miwili. Tulikuwa hospitalini kabla ya alfajiri. Nilipomwona akirusha mikono nilisahau permethrini na Lancet na kila nilichosoma. Nilichokiona ni mbawa. Mola alimrehemu, akarudi kwetu mzima kabisa. Nilinunua chandarua wiki ile ile.

Wako waliokuwa wakiniambia kuwa kutundika chandarua ni upungufu wa tawakali, na kwamba aliyeandikiwa atakwenda hata akiwa ndani yake. Hao huwajibu kwa kumtaja maalim wetu yule wa makombe. Alikuwa mcha Mungu kuliko wao na kuliko mimi, na alilala katika kitanda cha besera chenye chandarua cha melimeli, pindo zote nne zimechomekwa chini ya godoro. Sisi wanafunzi ndio tuliokuwa tukikifua kila Alhamisi. Mambo haya si mageni kwetu. Yaliyokuwa mageni ni kwamba mtoto wa maskini naye alale kama maalim.

Na hilo lilikawia. Mwaka 2004, katika watoto wa mashamba waliochunguzwa nchini Kenya, waliolala ndani ya chandarua chenye dawa walikuwa kiasi cha 7 katika mia. Wakubwa walikuwa wakishindana kama viuzwe au vitolewe bure, na wako waliosema kuwa kitu cha bure mtu atakigeuza pazia la banda la kuku. Mwaka 2006 serikali iligawa bure vyandarua milioni 3.4, na kufika mwisho wa mwaka ule wale 7 walikuwa 67. Kina mama hawakufuga kuku ndani yake. Kilifi watoto waliolazwa kwa malaria walipungua kwa kiasi cha robo tatu baina ya 2003 na 2007, ingawa watafiti wenyewe wanakiri kwamba kupungua huko kulikuwa na sababu zaidi ya chandarua peke yake.

Lakini swali la mkwe wangu lilikuwa bado limekaa. Mtu hawezi kulijibu kwa miaka miwili wala mitano. Sharti angoje watoto wawe watu wazima. Na kweli wako waliongoja. Katika bonde la Kilombero huko Tanzania, kwenye kituo cha Ifakara, watafiti walipita majumbani tangu 1998 mpaka 2003 wakiuliza: mtoto huyu usiku wa jana amelala ndani ya chandarua? Mwaka 2019 walirudi kuwatafuta watoto hao waliozaliwa baina ya 1998 na 2000. Walikuwa 6,706, na wakapata habari za 5,983, kazi ambayo yeyote aliyewahi kumtafuta mtu kwa jina la utotoni ataistahi. Matokeo yalichapishwa 2022 na Günther Fink, Salim Abdulla, Honorati Masanja, Christian Lengeler na wenzao. Na Lengeler huyu alikuwamo katika majaribio ya Kilifi ya 1993.

Waliolala chandaruani katika nusu au zaidi ya zile siku walizouliziwa, hatari yao ya kufa kabla ya utu uzima ilikuwa pungufu kwa 43 kwa mia kuliko ya wenzao. Je, baada ya miaka mitano, pale ambapo mkwe wangu alisema wataanguka mara moja? Hawakuanguka. Hapakuonekana dalili ya mauti ya ziada. Uhai waliopewa utotoni waliendelea nao.

Haki ya msomaji ni kuambiwa pia kwamba Ifakara haikuwa kura kama Kilifi. Aliyetundika alitundika kwa hiari yake, na huenda alikuwa na kipato kizuri zaidi au karibu na zahanati. Watafiti walijitahidi kulipima hilo pia na kuliondoa, na matokeo yakasimama. Wala mbu hakukaa kitako. Sehemu nyingi amekwisha izoea dawa ya jamii ya permethrini, na sasa vyandarua vipya hutiwa dawa mbili pamoja. Vita vyenyewe vinaendelea.

Mkwe wangu hakuwahi kulisikia jibu. Alifariki kabla ya 2022, Mola amrehemu, akiwa na wajukuu na vitukuu. Ningetamani nimpelekee madafu safari hii mimi, nimwambie, “Mama, ulichouliza wameshughulika nacho miaka ishirini na zaidi, na watu elfu sita wameulizwa habari zao.” Namjua, angetafuna tambuu akauliza la pili.

Binti yangu naye ni mama sasa, na hashawishiwi na fununu za babake. Mdogo wangu twaishi naye. Umri wake umepita hamsini, kila usiku baada ya isha humeza kidonge chake cha kifafa, husoma Alhamdu, sura pekee iliyombakia, kisha hupanda kitandani akaningoja. Pindo za chandarua hataki kuchomekewa na mwengine ila mimi.