Pini, Ishara na Programu-Endeshi: Istilahi za Kompyuta Pachikwa

Makala haya yanakusudia kueleza dhana chache zinazohusu kompyuta zilizotiwa ndani ya vyombo vingine, na kupendekeza istilahi zake za Kiswahili. Dhana hizi huwafikia wafasiri wa miongozo ya mitambo, walimu wa ufundi na maofisa wanaoandika masharti ya zabuni, na mara nyingi huwafikia zikiwa zimechanganyika. Madhara ya mchanganyiko huo hayaishii katika lugha. Neno moja likikosewa, laweza kuwasha mota ambayo fundi alidhani ameizima.

Kompyuta pachikwa ni kompyuta ndogo iliyowekwa ndani ya chombo ili ikiongoze, kama vile mashine ya kufulia, mita ya umeme au taa za kuongozea magari. Aghalabu haina skrini wala kibodi. Hupokea habari na kutoa amri kwa njia ya pini, yaani vijiti vyembamba vya madini vinavyotokeza kwenye chipu au kwenye ubao wa saketi. Ishara inayopita katika pini ya namna hii huwa na hali mbili tu: volteji iko juu, au iko chini. Katika kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyotolewa nchini Uingereza mwaka 2012, juu ni volti 3.3 na chini ni sifuri.

Tatizo la kwanza ni la jina. Pini moja huwa na namba ya mahali ilipo kwenye ubao, na namba nyingine ya njia ya ishara iliyomo ndani ya chipu. Katika ubao tulioutaja, pini ya 11 ndiyo njia ya ishara namba 17. Zaidi ya hayo, pini ya 13 ilikuwa njia namba 21 katika toleo la kwanza, lakini toleo la pili la mwaka huo huo liliiunganisha na njia namba 27. Programu iliyotaja namba 21 haikuifikia tena pini ile, ijapokuwa pini yenyewe haikuhama mahali pake. Ni dhahiri, basi, kwamba neno moja halitoshi kwa dhana hizi mbili.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Wengi hudhani kwamba ishara ikiwa juu kifaa kimewashwa, na ikiwa chini kimezimwa. Sivyo hivyo daima. Zipo rilei nyingi zinazojifunga pale ishara inaposhuka chini, na pini za kuanzisha chipu upya kwa kawaida hufanya kazi zikiwa chini. Mwongozo ukiagiza ishara ipelekwe chini, na mfasiri akaandika "zima", fundi atakayemwamini atakuwa ameiwasha mota hali mkono wake umo ndani ya mtambo.

Waandishi wa programu nao walipambana na matatizo haya, na njia waliyoifuata yatufaa sisi pia. Tuchukue mfano wa Linux. Hapo awali kila jamii ya chipu ilikuwa na amri zake za kuongoza pini, hata programu iliyoandikwa kwa ajili ya chipu moja haikufaa kwa nyingine. Mwaka 2007 kiini cha Linux kilipata kiolesura cha pamoja, kilichoandikwa na David Brownell: amri zilizo sawa kwa chipu zote, ingawa njia za ishara ziliendelea kutajwa kwa namba. Mwaka 2014, katika toleo la 3.13, ukaingizwa utaratibu mwingine. Programu haitaji tena namba, bali huomba njia kwa kazi yake: njia ya taa, au njia ya kuanzisha upya. Maelezo ya kwamba njia hiyo ni ipi, na kwamba hufanya kazi ikiwa juu au chini, huandikwa mbali, katika maelezo ya ubao wenyewe. Programu husema tu kwamba njia itende au itulie; kiini ndicho kinachogeuza agizo hilo kuwa volteji ya juu au ya chini. Hivyo programu-endeshi moja huweza kutumika katika mitambo mingi, na ubao ukibadilika hubadilishwa maelezo yake tu.

Hata hivyo, kiolesura cha pamoja hakifichi kila kitu. Baadhi ya njia za ishara zimo katika chipu saidizi inayofikiwa kwa nyaya za mwendo wa polepole, na programu hulazimika kungoja. Kwa sababu hiyo zimewekwa amri za pekee kwa njia za namna hiyo, maana tofauti ambayo ni ya kweli haifai kufunikwa.

Kwa kufuata mantiki hiyo, tunapendekeza istilahi zifuatazo:

(a) Pini: kijiti cha madini kinachoonekana na kushikika.

(b) Njia ya ishara: kile ambacho programu hukiagiza, pasipo kujali pini iko wapi.

(c) Juu na chini: hali ya volteji tu. Maneno haya yasifasiriwe kamwe kuwa "washa" na "zima".

(d) Amilifu na tulivu: hali ya kazi. Walimu wa lugha wamekwisha kulizoea neno "amilifu" katika "msamiati amilifu". Njia inayofanya kazi volteji inaposhuka iitwe amilifu-chini, na kinyume chake amilifu-juu.

(e) Programu-endeshi: programu inayokiongoza kifaa kwa niaba ya programu nyingine. Neno "kiendeshi" hutumiwa pia kwa chombo cha diski, na kiambishi chake ki- humfanya msomaji afikirie kitu cha kushikwa.

(f) Kiolesura cha pamoja: mapatano ya amri ambazo programu nyingi huzitumia kwa namna moja. Neno "kiolesura" limekwisha kuenea na halina haja ya kubadilishwa. Ila mwalimu hana budi kueleza kwamba hapa hakuna sura inayotazamwa kwenye skrini.

Ofisa anayeandaa zabuni ya kengele ya moto, mathalani, asiandike kwamba "ishara izimwe kengele inapolia". Aandike kwamba njia ya ishara ya kengele ni amilifu-chini. Kwa maneno hayo mzabuni, mkaguzi na fundi wataelewa jambo moja, na kengele italia siku itakapohitajiwa.