Tucheke na Aya, tuongee na mabinti

Wamama wapenzi, binti akicheka peke yake na kitabu cha michoro, msimnyang'anye. Huenda anasoma "Aya de Yopougon", kilichoanza kutoka mwaka 2005. Aliyekiandika ni Marguerite Abouet, mzaliwa wa Abidjan. Mchoraji ni Clément Oubrerie.

Aya ana miaka 19, anataka kuwa daktari. Baba yake anatamani aolewe na mtoto wa bosi. Rafiki zake, Adjoua na Bintou, wanapenda dansi na vijana. Mara Adjoua anabeba mimba!

Tunacheka, lakini mambo hayo yako hata kwetu, na mabinti wanaona haya kutuuliza. Someni pamoja, kisha muulize binti: "Ungekuwa Adjoua, ungemwambia nani kwanza?" Halafu nyamaza, umsikilize.