Simi-Simi: ufunguo wa nyumba, baiskeli ya toleka na sauti ya chombo cha anga

Siku ya posho iliyopita, saa tisa ya mchana, tulikuwa Simi-Simi, si mbali na uwanja wa zamani wa ndege. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na mashini ya jirani ilinguruma nyuma ya ukuta. Ndani ya parseli moja, chini ya mwembe, vijana watatu walikuwa wamegeuza baiskeli ya toleka: kiti chini, magurudumu juu. Mmoja alishika simu karibu na gurudumu la nyuma. Wa pili aliburuza ufunguo wa mlango polepole juu ya nyaya za gurudumu. Wa tatu alituinulia mkono: tunyamaze.

Kisha walitusikilizisha. Kwanza ilikuwa kelele ya kawaida ya chuma juu ya chuma. Halafu wakapunguza mwendo wa sauti ndani ya simu, wakaongeza mwangwi, na hapo tukashangaa kabisa. Ilikuwa kama mtambo mkubwa unahema, unapanda, unashuka, unatua. Walikuwa wanatengeneza mchezo wa radio: chombo kutoka nyota ya mbali kinatua Simi-Simi, na watu wa kartie wanatoka kwenda kukiangalia.

“Mukubwa, ii si kitu ya ajabu,” yule wa ufunguo akatuambia. “Ni fungulo ya nyumba tu, na toleka ya noko yangu.”

Tulicheka. Lakini tuliwaambia pia jambo ambalo hawakulijua: kwamba yuko mtu aliyefanya karibu jambo hilohilo huko London, zaidi ya miaka 60 iliyopita, na sauti yake inatumika mpaka leo.

Piano mbovu ya London

Jumamosi tarehe 23 Novemba 1963, televisheni ya BBC ilianza kuonyesha mfululizo uitwao Doctor Who. Ni habari za msafiri anayepita katika wakati na anga ndani ya kibanda cha polisi cha rangi ya buluu. Kibanda kile kilihitaji sauti ya kuondoka na kutua. Brian Hodgson, fundi wa sauti, alichukua ufunguo wa nyumba ya mama yake, akaukwaruza juu ya nyaya nene za piano mbovu. Akarekodi, akabadilisha mwendo wa utepe, akaongeza mwangwi. Watoto wa Uingereza waliamini kwamba hiyo ndiyo sauti ya wakati unapopasuka.

Muziki wa kufungulia kipindi ulikuwa kazi kubwa zaidi. Mtunzi Ron Grainer aliandika nota zake kwenye karatasi, akampa Delia Derbyshire, mwanamke aliyesoma hesabu na muziki katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Yeye na msaidizi wake Dick Mills hawakuwa na sintesaiza. Walikuwa na uzi mmoja wa kupigwa kwa kidole, mashini za kupimia umeme zinazotoa mlio, na utepe. Kila nota ilirekodiwa peke yake, ikaharakishwa au ikapunguzwa mwendo mpaka ifikie urefu wa sauti unaotakiwa. Kisha vipande vya utepe vilikatwa kwa wembe na kuunganishwa kimoja baada ya kingine. Grainer aliposikia matokeo, hakutambua vizuri kama ndiyo kazi aliyoiandika.

Wasomaji wetu wanaosikia Kifaransa wanaweza kusema: lakini Pierre Schaeffer alifanya muziki wa makelele ya treni huko Paris mwaka 1948. Ni kweli. Na Wafaransa walioangalia Les Shadoks mwaka 1968 walisikia milio ya Robert Cohen-Solal, aliyepita katika shule hiyohiyo ya Schaeffer. Lakini tusisahau kwamba mwaka 1944, kabla ya Paris, Mmisri Halim El-Dabh alirekodi sauti za wanawake katika sherehe ya zaar huko Cairo, akazigeuza ndani ya studio ya radio mpaka zikawa kitu kingine kabisa. Bara letu halikufika nyuma katika jambo hili.

Mlio ambao mama alikataa

Turudi chini ya mwembe. Vijana walikuwa na mlio wa pili: filimbi ndefu inayoshuka kutoka juu, halafu kishindo. Waliutengeneza kwa mdomo na ngoma ya plastiki. Walipoupiga kwa nguvu, mama wa mmoja wao akatoka jikoni, mwiko mkononi.

“Ile ya kwanza ni muzuri,” akasema. “Ile ya pili mutoe. Ile mimi naijua.”

Hakueleza zaidi, na sisi hatukumuuliza. Mtu yeyote aliyekuwa Kisangani mwezi wa Juni 2000 anajua. Siku sita, kuanzia tarehe 5, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, mabomu yakaanguka juu ya nyumba za watu, na raia kwa mamia wakafa. Watoto wa siku zile walijifunza kutofautisha bombu linalopita na bombu linalokuja, kwa masikio tu.

Na wazee wa Simi-Simi wana sauti yao ya zamani zaidi. Siku ya pili tarehe 24 Novemba 1964, alfajiri, ndege za Marekani aina ya C-130 zilikuja juu ya uwanja huu na makomando wa Ubelgiji wakaruka kwa miavuli. Mji, ambao wakati ule uliitwa Stanleyville, ulikuwa mikononi mwa waasi wa Simba tangu mwezi wa Agosti, na wageni walikuwa wameshikwa mateka. Wengi walikufa, wageni na wenyeji, na wenyeji ndio waliokuwa wengi.

Tazama tarehe. Siku tatu tu kabla ya hapo, tarehe 21 Novemba 1964, televisheni ya Uingereza ilianza kuonyesha hadithi mpya ya Doctor Who, ambamo maadui wa chuma, Dalek, wanaivamia dunia na kuishika London. Sauti zao za kukwaruza zilitengenezwa kwa kupitisha sauti ya mwigizaji ndani ya mashini ya umeme. Watoto wa kule walijificha nyuma ya viti, kisha mama akazima televisheni, wakaenda kulala. Watoto wa Simi-Simi hawakuwa na kitu cha kuzima.

Hatusemi hivi ili kuwalaumu watu wa London. Delia Derbyshire mwenyewe alikuwa mtoto wa vita. Alizaliwa Coventry mwaka 1937, na mwezi wa Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliubomoa mji ule. Alipokuwa mtu mzima alieleza kwamba upendo wake kwa sauti zisizo za ala ya kawaida ulianzia hapo: ving'ora vya kutangaza ndege, na vile vya kusema hatari imekwisha. Mtoto alisikia kitu kilichomtisha, hakukijua maana, akakitunza. Baada ya zaidi ya miaka 20 kikatoka kama muziki wa anga.

Basi tuliwaelewa vijana, na tulimwelewa mama. Mlio wa bombu unaweza kuwa kazi ya sanaa, lakini aliyeusikia kweli ana haki ya kusema kama wakati umefika. Vijana walishauriana kidogo, wakaufuta.

Uhura na pumzi ya mdomo

Upande wa Marekani, Star Trek ilianza tarehe 8 Septemba 1966, mwaka uleule ambao Stanleyville iliitwa rasmi Kisangani. Mle ndani yuko afisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi, aliyechezwa na Nichelle Nichols. Jina lake ni Uhura, nalo linatoka katika neno letu uhuru. Mtu anayeweka kifaa sikioni na kusikiliza anga nzima ana jina la Kiswahili! Ni wachache hapa mjini wanaolijua hilo.

Muziki wa Star Trek uliandikwa na Alexander Courage. Na ule mlio wa chombo kinachopita kwa kasi, fyuuu, ni yeye mwenyewe aliyeupuliza kwa mdomo mbele ya maikrofoni. Kila mtoto wa Kisangani aliyesukuma gari la waya amefanya hivyo bila kulipwa.

Nasi pia tunao wakubwa wa kazi hii. Huko Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa Konono N°1 alitaka likembe isikike katikati ya makelele ya mji. Alichukua sumaku za vipande vya magari ya zamani, akatengeneza maikrofoni, akapitisha sauti katika vipaza sauti vya kutangazia. Mkwaruzo ulioingia hakuutupa, aliufanya kuwa muziki. Katika miaka ya 2000 Ulaya ilisikia, ikafikiri ni muziki wa kesho.

Sekunde 56 bila majina

Hapa ndipo tunafika kwenye jambo lenyewe. Tuliwauliza vijana: mchezo huu unakwenda wapi? Wakanyamaza. Mwaka jana, walisema, mlio wao mmoja ulichukuliwa ukawa alama ya kipindi katika radio moja ya mji. Hawakuulizwa, hawakutajwa.

“Banasikia kila asubui, banasema ni muzuri,” yule wa simu akasema. “Lakini hakuna mutu anajua ni sisi tulifanyaka.”

Ni ugonjwa wa zamani. Grainer alitaka Derbyshire apate nusu ya malipo ya muziki ule, lakini kanuni za BBC hazikuruhusu: yeye alikuwa mfanyakazi wa idara, na idara ndiyo iliyotajwa. Jina lake liliandikwa kwenye kioo cha televisheni kwa muziki huo mwaka 2013 tu, katika kipindi cha kutimiza miaka 50. Alikuwa amefariki tangu mwaka 2001. Baada ya kifo chake, tepu 267 zilikutwa katika dari ya nyumba yake, na leo zinatunzwa Manchester. Kama zingetupwa, tungejua kidogo sana.

Na kuna mfano wa karibu nasi zaidi. Mtu akitoka Kisangani kwa barabara ya Bafwasende na Nia-Nia, atafika Epulu, katika msitu wa Ituri. Katika msitu huo Colin Turnbull alirekodi wimbo wa wasichana wa Kimbuti katika sherehe ya kuwaingiza utu uzima. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja na sahani ya dhahabu yenye sauti za dunia. Wimbo ule uko ndani, pamoja na Bach na Beethoven: sekunde 56. Salamu za lugha 55 zimo pia, lakini Kiswahili hakimo. Kwa hiyo, katika anga ya kweli, si ile ya televisheni, wanaotusemea ni wale wasichana. Voyager 1 imekwisha kutoka katika eneo la upepo wa jua. Jina la aliyerekodi limeandikwa. Majina ya wasichana hayapo.

Ngoma ilitaja jina

Jioni tulisimama kidogo kando ya mto. Upande wa chini, mto unakoelekea, ni nchi ya Walokele, na Yakusu, ambako mmisionari John Carrington alijifunza ngoma ya kusema na kuandika kitabu juu yake mwaka 1949. Ngoma ile ya mti ina sauti mbili, ya juu na ya chini, na kwa sauti hizo mbili habari ilivuka maji na msitu usiku. Mzungu mgeni alisikia makelele. Mlokele alisikia maneno. Na kila mtu mzima alikuwa na jina lake la ngoma, lililobeba jina la baba na kijiji cha mama, ili asichanganywe na mwingine. Habari haikutumwa hivihivi. Iliitwa kwa jina la anayeitwa, na aliyeituma alijulikana.

Babu zetu waliimaliza kazi hii bila wino wala sheria. Sisi wenye simu tunashindwa nini? Kwa wenye radio, studio na makanisa ya mji wetu tunasema wazi: ukitumia mlio wa kijana, muulize, mlipe unachoweza, taja jina lake hewani. Kwa vijana: andikeni jina, siku na mahali juu ya kila sauti, na mtunze nakala mahali pawili, kwa sababu simu huibiwa na unyevu wa hapa hauna huruma.

Tulirudi chini ya mwembe kuaga. Umeme ulikuwa bado haujarudi. Vijana walikuwa wanarekodi kipande cha mwisho cha mchezo: kila mmoja alisema jina lake, jina la baba na kijiji cha mama yake. Tulifikiri wamemaliza. Lakini yule wa ufunguo akasogea tena karibu na simu.

“Na toleka,” akasema, “ni ya noko Simi-Simi. Anaiomba irudi leo mbele ya saa kumi na mbili.”