Mabaraza ya wananchi Ulaya: Kuuliza ni rahisi, kujibu ndiko kazi

KWA miaka mingi, ni mambo machache yaliyowagawanya wananchi wa Ireland kama suala la uavyaji mimba. Mnamo 1983, wapigakura wa taifa hilo lenye mizizi mirefu ya Ukatoliki waliidhinisha Marekebisho ya Nane ya Katiba, yaliyompa mtoto aliye tumboni haki ya kuishi sawa na ile ya mama yake. Tangu wakati huo, wanasiasa walilikwepa suala hilo, kila chama kikihofia kupoteza kura.

Mwishowe, mzigo huo ulitwikwa watu ambao hawakuwahi kumwomba mtu yeyote kura. Mnamo 2016, Bunge la Ireland liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Wananchi lenye raia 99 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, chini ya uenyekiti wa jaji wa Mahakama ya Juu, Mary Laffoy. Miaka miwili baadaye, Katiba ya nchi hiyo ilikuwa imebadilishwa.

Tangu hapo, wageni wengi wameitazama Ireland kama shule ya kile wataalamu wanachokiita demokrasia ya mashauriano. Je, mabaraza ya aina hii hufanya kazi vipi? Na kwa nini baadhi yake hubadilisha sheria za nchi, ilhali mengine huishia kuandika ripoti zinazokusanya vumbi?

Wazo lenyewe si geni. Katika jiji la Athens, Ugiriki ya kale, baraza la watu 500 lililoandaa ajenda za mkutano mkuu wa raia liliteuliwa kwa kura ya bahati nasibu, ingawa wanawake, watumwa na wageni walitengwa. Wagiriki hao waliamini kwamba uchaguzi huwapendelea matajiri na mafundi wa maneno, ilhali bahati nasibu haimjui tajiri wala maskini.

Siku hizi, waandalizi huhakikisha kwamba waliochaguliwa wanafanana na taifa lao kwa umri, jinsia, eneo na hali ya maisha. Hapa ndipo mbinu hii inapotofautiana na vikao vya kukusanya maoni ya umma ambavyo Wakenya wamevizoea tangu Katiba ya 2010. Katika vikao hivyo, anayehudhuria ni yule aliyepata habari, aliye na nafasi au aliye na jambo linalomkera. Katika baraza la wananchi, mwaliko ndio unaomfuata mtu nyumbani kwake, hata kama hajawahi kusimama mbele ya hadhara.

Tofauti ya pili ni muda. Wanachama wa baraza la Ireland walilijadili suala la uavyaji mimba kwa wikendi tano, kati ya Novemba 2016 na Aprili 2017, katika hoteli moja mjini Malahide, kaskazini mwa Dublin. Waliwasikiliza madaktari, mawakili, watetezi wa pande zote mbili na wanawake waliosimulia yaliyowafika. Umma nao uliwasilisha maoni zaidi ya 12,000. Baada ya kila mada, waliketi katika vikundi vidogo, kila kikundi kikiwa na msimamizi wa kuhakikisha kwamba mwenye sauti kubwa hamnyamazishi mpole.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Asilimia 64 ya waliopiga kura barazani walitaka mwanamke aruhusiwe kuavya mimba bila kulazimika kutoa sababu, msimamo ambao wanasiasa wengi walidhani ungekataliwa na umma. Kamati ya Bunge iliyachambua mapendekezo hayo hadharani, kisha serikali ikaitisha kura ya maoni. Mnamo Mei 25, 2018, asilimia 66.4 ya wapigakura waliunga mkono kuondolewa kwa marekebisho ya 1983.

Mtu anaweza kukubaliana na uamuzi huo au kuupinga. Lililo muhimu hapa ni utaratibu. Raia 99 hawakutunga sheria. Walipendekeza, wabunge wakachunguza, na taifa zima likaamua. Kila hatua ilikuwa na mwenyewe.

Si kila nchi iliyofaulu kuujenga mnyororo huo. Nchini Iceland, baada ya benki kuporomoka mnamo 2008, wananchi walidai katiba mpya. Mnamo 2010, watu wapatao 950 waliochaguliwa kwa bahati nasibu walikutana kutaja maadili waliyotaka yaongoze taifa lao, na mwaka uliofuata baraza la watu 25 likaandika rasimu. Katika kura ya maoni ya Oktoba 2012, takriban thuluthi mbili ya wapigakura walikubali kwamba rasimu hiyo iwe msingi wa katiba mpya. Hata hivyo, kura hiyo ilikuwa ya ushauri tu, na Bunge halikuipitisha rasimu hiyo.

Ufaransa nayo ilipata funzo chungu. Baada ya maandamano ya vizibao vya manjano yaliyozuka mwishoni mwa 2018 kwa sababu ya kodi ya mafuta, Rais Emmanuel Macron aliitisha kongamano la raia 150 kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Aliahidi kwamba mapendekezo yao yangefikishwa kwa Bunge, kwa wananchi au kwa maafisa watekelezaji bila kuchujwa.

Raia hao walikutana kuanzia Oktoba 2019 hadi Juni 2020 na kutoa mapendekezo 149. Macron aliyakataa matatu papo hapo, likiwemo lile la kupunguza kasi ya magari katika barabara kuu hadi kilomita 110 kwa saa. Mengine mengi yalilegezwa yalipokuwa yakigeuzwa kuwa sheria. Raia hao walipokutana tena Februari 2021 kuipa serikali alama kwa jinsi ilivyoyazingatia mapendekezo yao, iliambulia wastani wa 3.3 kwa 10.

Ahadi ni deni, na Macron alikuwa ameahidi kupita kiasi. Laiti angesema tangu mwanzo kwamba atapokea mapendekezo na kueleza sababu za kuyakataa baadhi yake, huenda hasira isingekuwa kubwa kiasi hicho.

Hata Ireland yenyewe imejikwaa. Baraza lake la usawa wa jinsia, lililomaliza kazi mnamo 2021, lilipendekeza kwamba Katiba iilazimishe serikali kuchukua hatua za kusaidia kazi ya kuwatunza wanaohitaji uangalizi. Serikali ilibadilisha maneno hayo. Badala ya kulazimika, ikaandika kwamba itajitahidi. Watetezi wa watu wenye ulemavu walikuwa miongoni mwa walioyakosoa maneno hayo mapya. Mnamo Machi 8, 2024, asilimia 73.9 ya wapigakura waliyakataa marekebisho hayo.

Labda jibu bora limepatikana mahali padogo mno. Mashariki mwa Ubelgiji kuna jamii ya wazungumzaji wa Kijerumani wasiofika 80,000, yenye bunge lake mjini Eupen. Mnamo Februari 2019, bunge hilo liliunda kwa kauli moja baraza la kudumu la wananchi 24. Baraza hili huchagua mada, kisha huitisha kongamano la raia wengine, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kuijadili. Mada ya kwanza ilikuwa utunzaji wa wagonjwa na wazee.

Mapendekezo ya raia hao hayawalazimishi wabunge kuyatekeleza. Lakini sheria inawalazimisha wabunge kuyajadili hadharani mbele ya raia walioyatoa, na wakikataa pendekezo lolote, sharti waeleze sababu.

Wakosoaji wana hoja zao. Wengi wanaoalikwa katika mabaraza haya hukataa, hivyo wanaokubali huenda ni wale wanaopenda siasa tayari. Anayechagua wataalamu wa kuwahutubia wanachama anaweza kuuelekeza mjadala. Isitoshe, hakuna aliyewachagua raia hao, na hakuna awezaye kuwaondoa kwa kura.

Hoja hizo ni za kweli, na ndiyo sababu baraza la wananchi haliwezi kuchukua nafasi ya bunge. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Ireland ilionyesha kwamba hata penye mchanganyiko wa watu wa kawaida neno haliharibiki, mradi wapewe muda, habari sahihi na heshima. Linaloharibika ni imani yao, pale wanapoitwa kutoa maoni na mwenye kuwaita akawa hana nia ya kujibu.