Divai Nyeupe na Nyumba za Tembe (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye zabibu nyekundu za Makutupora, Dodoma. Leo tuzigeukie nyeupe, hasa Chenin blanc, mbegu yenye asili ya bonde la mto Loire, Ufaransa, ambayo imeizoea ardhi ya Dodoma. Uzuri wake ni kwamba hubaki na uchachu hata ikiivia kwenye joto. Zabibu nyingi katika jua kama lile hujaa sukari tu, na divai yake hupooza mdomoni.

Ulaya mzabibu hulala majira ya baridi. Huku Ugogo, eneo la Dodoma, haulali, kwa hiyo mkulima ndiye anayeupangia majira kwa makasi yake. Akishapogoa, machipukizi hutoka, na baada ya miezi minne hivi anavuna. Ndiyo maana mavuno ni mawili kwa mwaka. Yale ya wakati wa mvua huandamwa na magonjwa ya ukungu na kuoza kwa vichala. Yale ya Agosti na Septemba hutanguliwa na miezi mikavu yenye usiku wa baridi, nami nayaona ndiyo yanayofaa zaidi kwa divai nyeupe.

Ukavu huohuo ndio uliozaa tembe, nyumba ya asili ya Wagogo. Mvua za Dodoma kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka, basi paa bapa la udongo linawezekana. Wagogo walisimika nguzo zenye panda, wakalaza boriti, wakapanga fito na matawi, wakashindilia udongo juu. Vyumba viliuzunguka ua wa ng'ombe. Mlangoni unainama, ndani kuna giza, vilindo vya nafaka, na ubaridi usioutarajia saa nane mchana. Juu ya paa ulianikwa uwele.

Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 iliwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na tembe nyingi zikaachwa. Homa ya papasi, wadudu wanaojificha kwenye nyufa na sakafu za udongo, ilikuwa tatizo la kweli. Lakini dawa yake ilikuwa sakafu ya saruji na kuta zilizosiribwa vizuri, si kuitupa nyumba nzima na kukaa chini ya bati linalochoma.

Ubaridi huo wa tembe unaihusu hata divai. Divai nyeupe ikichachuka kwenye joto kali hupoteza harufu ya tunda. Ghala lenye kuta nene na paa la udongo lingezipunguzia kazi mashine za kupoza. Wenye viwanda wawatafute wazee wanaojua kujenga tembe, wajenge hata ghala moja la majaribio kando ya mashamba ya Hombolo.